Goti la Mama Mkwe

Kugonga goti moja kumenigharimu mbuzi wawili.

Juzi mwalimu wetu wa uuguzi alitupeleka wodini, hapa Kakamega, tujifunze kupima neva. Unagonga chini ya goti kwa nyundo ndogo, na mguu unaruka wenyewe. Mgonjwa wangu alikuwa mama kutoka kijiji cha Iguhu aliyejifunika uso kwa leso. Nikagonga. Mguu ukabaki mgumu kama muwa wa Kabras. Nikagonga tena, maana mimi huhakikisha kila kitu mara mbili.

"Mwalimu, neva hapa zimekufa!" nikatangaza.

"Hazijafa. Ameukaza mguu. Mama, unaogopa nyundo?"

"Mimi siogopangi nyundo, daktari. Huyu kijana alikuja kwetu kuposa binti yangu. Nilimchungulia nikiwa jikoni. Leo ananishika goti mbele ya watu!"

Wodi nzima ikacheka. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, sembuse kumpiga nyundo. Wazee wake wamesema kila pigo ni mbuzi mmoja, la sivyo nisahau binti.

Wasomaji, nishaurini: kwa kuwa goti lilikuwa moja, naweza kuwaomba wapokee mbuzi mmoja?