Kengele ya Mbuzi ya Verna

Verna Pruski alichinja nguruwe karibu maisha yake yote katika kiwanda cha soseji huko Wisconsin, kwa hiyo habari za damu hakuzitafuta mbali. Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, aliteremka chumba cha chini cha nyumba yake, akamimina vipande vya jibini kwenye bakuli, akaanza kuwawinda marafiki zake. Ni mchezo: yeye anasimulia, wao wanajitia mashujaa, na dadu inaamua nani apasuliwe fuvu. Dadu yake aliirusha nyuma ya kadibodi aliyoisimamisha mezani, wengine wasiione.

Na nyuma ya kadibodi hiyo Verna alikuwa mwongo wa kupindukia. Duane, dereva wa lori la magogo, alicheza kama Torvik, shujaa aliyebuniwa na mwanawe Trent kabla gari halijateleza kwenye barafu likamuua. Karatasi ya Torvik, iliyoorodhesha nguvu na silaha zake, bado ilikuwa na mwandiko wa kijana huyo. Desturi ya meza ile ni kwamba shujaa akifa, karatasi yake inachanwa. Kwa hiyo kila dadu ilipomuua Torvik, Verna alisema zimwi limemkosa, na alikuwa radhi adanganye hivyo mpaka aingie kaburini.

Kilichomponza ni uvivu. Aliiomba akili mnemba kwenye kompyuta imbunie vitu vya ajabu vya kuchekesha. Ikamletea soksi inayonung'unika, kijiko kinachoogopa supu, na kengele ya mbuzi: ikilia, hakuna awezaye kusema uongo mpaka vita viishe. Verna alicheka mpaka akakohoa, akaiandikia kengele kadi, akampa Marcy, mke wa Duane. Hakufikiri zaidi ya hapo.

Jumapili hiyo, katika simulizi la Verna, zimwi lilimng'oa farasi kichwa, likamrushia Torvik kichwa hicho. Marcy akatikisa funguo za gari badala ya kengele. "Kengele hiyo! Haya zimwi, sema mateka umewaficha wapi!"

"Ngoja kwanza," Duane akadakia huku akicheka. "Kadi inasema hakuna awezaye. Na wewe Verna umo. Toa hiyo kadibodi yako."

"Acha utoto, Duane. Kula jibini."

"Unaogopa nini, bibi wee? Torvik hajawahi kuguswa! Yule mwanangu alimuumba wa chuma."

"Kadi ni kadi," Marcy akachochea.

Verna mwenyewe aliwahi kumfukuza mtu kwa kubishana na kadi. Akaondoa kadibodi, akarusha dadu ya pigo la zimwi.

Ishirini. Kwenye dadu yao ya pande ishirini hakuna namba inayoipita hiyo, na wote waliiona.

Alisimulia kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Zimwi lilimshika Torvik miguu, likampigiza kwenye mwamba mpaka mbavu zikachomoza nje, kisha likamkanyaga kichwa.

Duane alipindua meza. Akamkaba Verna koo, akambamiza ukutani, akampiga ngumi iliyompasua mdomo. Ni unyama mtupu, mwanamke wa miaka sitini kupigwa kwa ajili ya dadu.

"Utamuua, mshenzi wee!" Marcy alipiga kelele, amemng'ang'ania mumewe mgongoni.

Ngumi ya pili ikasita hewani.

"Zile siku nyingine," Duane akasema polepole. "Ulizokuwa ukisema zimwi limemkosa."

Verna akatema damu. "Tuyaache, Duane."

"Vita havijaisha. Kengele bado inalia." Akaokota funguo sakafuni, akazitikisa mbele ya uso wa Verna, machozi yakimtiririka. "Mwanangu amekufa mara ngapi humu ndani?"

Verna alimtazama Marcy, kisha Duane.

"Karibu kila Jumapili," akasema.