Kibali cha Kuogelea

Nawashukuru watu wachache sana wa miaka ile, na mmoja wao ni mwogeleaji wa kisiwa cha Ngazija ambaye hata jina lake sikumwuliza. Wale wa vizuizini na maofisini nitawasamehe nikizeeka.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa na mdomo uliopasuka. Hakuweza kunyonya. Nilikamua maziwa yangu kikombeni nikamnywesha kwa kijiko, nusu yakitokea puani. Daktari wa Garissa akamtafutia kitanda Nairobi ashonwe mdomo, siku ya Jumatano. Lakini ilikuwa vita ya serikali na mashifta, waasi wa Kisomali, na Msomali hakutoka mkoani bila kibali. Nilikwenda ofisini mara nne. Karani, kijana niliyemzidi madarasa, akaniuliza, "Huyu mtoto ni shifta wa wapi?" Niliondoka kabla sijammwagia wino wake.

Aliyetutoa ni mto. Mume wangu alikuwa akivusha mifugo Tana, anaogelea ubavuni mwa ng'ombe, na bwana mmoja wa michezo akamwona. Nchi ilikuwa changa, imealika wageni wa nchi jirani na visiwani kushindana Nairobi, na waogeleaji wake hawakujaza benchi. Basi tukapewa kibali cha watu watatu, kwa sharti: akitolewa mashindanoni, kesho yake tunarudi Garissa. Mchujo ulikuwa Jumatatu.

"Nchi inayokagua mpaka nepi za mwanangu inataka uiogelee," nikamwambia.

"Mimi naogelea mdomo wa mtoto," akasema. "Nchi ikitaka, ifuate nyuma."

Lori lilikaa sana vizuizini, tukafika siku yenyewe ya mchujo. Hakuwa ameonja bwawa hata mara moja.

Sasa, Tana haivukwi moja kwa moja. Unalenga mti ulio upande maji yanakotoka, maji yanakushusha, unatokea pale ulipotaka. Na uso huuzamishi kamwe, kwa sababu ya mamba. Filimbi ikalia, mume wangu akaruka, akalenga kona. Shingo wima, akapanda kamba ya kugawa njia kama mbuzi anayeruka boma, akamgonga yule mwogeleaji wa Ngazija begani.

Nilisimama na mtoto mgongoni nikapiga kelele kwa Kisomali: "Warya, we mwanamume! Maji haya yamekufa! Hayakupeleki popote!"

Watu walicheka. Mwamuzi akamwonyesha mlango. Nikaanza kukusanya vitambaa vya mtoto, Jumatano yangu imekwenda.

Yule wa Ngazija akatoka majini akishika bega. Timu yao nzima ilikuwa watu wawili na taulo moja. Mwamuzi akamtaka alalamike rasmi.

"Silalamiki," akasema kwa Kiswahili laini. "Turudie."

"Amekuharibia, bwana!"

"Ameniharibia nini? Nilikuwa wa mwisho hata kabla hajanifikia."

Mwamuzi naye akacheka, akakubali mchujo urudiwe. Wa Ngazija akachuchumaa karibu na mume wangu.

"Kaka, unauona mstari mweusi kule chini? Ufuate huo tu."

"Nitie uso majini?"

"Utie."

"Na mamba?"

"Mamba ni mimi. Niko njia ya pili, na nimeshiba."

Akautia uso. Akafika wa tatu, nafasi ya mwisho ya kusonga mbele. Yule wa Ngazija akawa wa mwisho tena, safari hii bila kugongwa, kisha akaja kumchekea mwanangu kana kwamba mdomo ule hauna kasoro. Mimi niliyewatukana makarani kwa lugha tatu nikapata maneno mawili tu: "Allah akulipe."

Jumatano mtoto alilazwa, na daktari akatuandikia barua ya kubaki. Alhamisi mume wangu alishindwa vibaya. Wala sikwenda kutazama. Nyuzi zilipotolewa, nikampa mwanangu titi. Alilivuta kwa nguvu mpaka nikapiga yowe, na nesi akaja mbio akidhani nimemwangusha.