Siku Mlima Ulipozima Simu

Jamaa zangu wa Likoni, tangu nirudi mmeniganda: video ziko wapi? Kweli niliahidi kuwaletea Kisii nzima ndani ya simu. Basi kaeni kitako niwaeleze, maana jibu lake ni safari yenyewe, na halielezeki kwa mkato.

Nilikwenda kwa ajili ya msichana nisiyemjua. Mwalimu Ombati, tuliyefanya naye kazi hapa Mombasa, siku hizi anasimamia chumba cha kompyuta katika chuo kidogo cha ualimu huko kwao mlimani. Mtihani wao wa mwisho hufanywa kwa mtandao. Muhula uliopita mtandao ulikatika katikati, mfumo ukafunga, na wanafunzi wachache wakabaki wanatazama kioo cheusi. Mmoja wao ni Kerubo. Walipewa nafasi nyingine, Jumatatu asubuhi, na kanuni haziruhusu ya tatu. Mtandao ukikatika tena, basi, ualimu ameuaga. Mimi kazi yangu, mnaijua, ni kufunga mitandao mashuleni na mahotelini. Nikamwambia Ombati kwenye simu, "Hebu niache nije. Mtandao haujanishinda bado." Ulimi hauna mfupa.

Kutoka Nairobi njia inashuka bondeni, inavuka nyanda za Narok, kisha inaanza kupanda taratibu. Baada ya Sotik nilikoma kusinzia. Nchi inakunjwakunjwa, kilima nyuma ya kilima, na yote imelimwa hadi kileleni: chai, migomba, chai tena. Sikuona pahali pa kutupa hata kokwa la embe. Sisi tuliozoea kuona mbali tukitazama bahari, huko jicho linagonga kijani kila linapogeuka. Nikatoa simu nikaanza kupiga video, za kwenu hizo.

Keumbu ni soko la kando ya barabara. Ukishuka garini unapokewa na mikungu ya ndizi iliyopangwa hadi ukingoni mwa lami. Ombati alinipokea kwa pikipiki, tukapanda njia ya udongo mwekundu mpaka upande wa Nyamira, kwa akina Kerubo, ndiko nilikopangiwa kulala. Mama yake ni mchumaji chai, mwanamke mfupi mwenye mikono migumu na macho ya kucheka. Aliponiona na buibui langu alinishika mikono yote miwili.

"Bwakire, madam. Karibu. Umetoka mbali kama dawa."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," nikajibu kwa majivuno.

"Sisi tunataka kupona hiyo Jumatatu," alisema, na hakucheka.

Kerubo alileta ugali wa wimbi na chinsaga, mboga yao chungu inayopikwa kwa maziwa mpaka uchungu unaondoka. Msichana mkimya. Nilipomuuliza kama amejiandaa alisema, "Kusoma nimesoma, madam. Hata ile siku nilikuwa najua majibu." Nikaacha kutafuna.

Ijumaa asubuhi nilipanda paa la chuo. Nilifunga sahani mpya ya mtandao iliyoelekea mnara wa mjini Kisii, nikachimbia waya wa ardhini wa kukinga radi, nikapima. Ukurasa ulifunguka kabla sijakunja kidole. Ombati alipiga makofi na mimi nikaringa kidogo, wenzangu, kwa nini nisiringe?

Mchana mawingu yalikusanyika upande wa ziwani. Jamani, mimi mvua naijua, lakini ile si mvua. Kwanza giza, kisha mawe ya barafu juu ya mabati hata huwezi kusikia mtu aliye ubavuni mwako. Halafu radi. Huko radi haisikiki ikija kwa mbali, iko papo hapo, mwanga na mlio pamoja, tena na tena, kilima hiki na kile, kama watu wanaoitana. Nilisimama dirishani kinywa wazi, Subhanallah, nikapiga video. Niliogopa, na bado sikuweza kuondoa macho.

Ilipopita, sahani yangu ilikuwa imekufa. Waya wa ardhini ulikuwapo, kila kitu kilikuwa mahali pake, na bado imekufa. Nyingine ingetoka Nairobi, na isingefika kabla ya Jumatatu jioni. Kilichobaki ni modemu ya laini ya simu, na jioni ile nilipoijaribu ukurasa ulizunguka tu. Mnara wa simu wa eneo lile ni mmoja, na mlima mzima umeukalia.

"Kesho naifungua ile sahani niitengeneze," nikamwambia Ombati. "Nipe ufunguo."

"Kesho ni Sabato," akasema. "Jua likizama sifungui mlango wa kazi. Hakuna atakayefungua."

"Ombati, mtoto wa watu anapoteza masomo."

"Najua. Na ufunguo sikupi."

Nilipandwa na hasira, siwafichi. Nilirudi kwa Mama Kerubo nikabwaga mkoba. Nikamweleza kwamba siku nzima itapotea bure, na kwamba bila sahani, hata nikiweka modemu gani, mnara ni mmoja na watu ni wengi, kila mmoja anavuta na simu yake, mtandao unakwisha njiani kabla haujafika chuoni.

Alisikiliza akichambua mboga kwa haraka, maana jua lilikuwa linashuka.

"Sasa hiyo ni kama chemchemi yetu," akasema. "Maji ni moja, mitungi ni mingi."

"Ndiyo hivyo."

"Huku mtu akifiwa, ama akipata mtoto, hapangi laini kwa chemchemi. Watu wanainua mitungi yao, wanangoja. Yeye anachota kwanza." Akanawa mikono. "Kesho utaenda kanisa na mimi."

Jumamosi nilikaa benchi la nyuma, Mwislamu wa Likoni katikati ya Wasabato, na watu walinipa nafasi nzuri kuliko waliyojiachia wenyewe. Kanisa lilijaa mpaka nje. Kila boma la kilima kile lilikuwa limeleta mtu. Baada ya mahubiri mzee wa kanisa alimwita Mama Kerubo mbele. Alizungumza Kikisii, Ombati akininong'onezea. Hakulia wala hakuomba sana. Alisema tu kwamba Jumatatu asubuhi nyumba yake inachota maji, na maji yenyewe yako kwenye simu zao.

Kisha bibi mmoja mzee sana aliinuka na simu yake ndogo ya vitufe.

"Anauliza," Ombati akaninong'oneza, "kabambe yake nayo inakunywa hayo maji?"

"Mwambieni haina intaneti, haidhuru kitu," nikasema. Waliposema hivyo bibi aliwajibu, na kanisa zima likacheka.

"Anasema ataizima vilevile. Isije ikasemwa ni yeye."

Hapo nilikaa nikatazama sakafu. Mahali pengine popote ningeupata vipi mlima mzima umeketi pamoja, unasikiliza mtu mmoja? Siku niliyodai imepotea ndiyo pekee ambayo jambo lile lingewezekana. Jumapili niliifungua ile sahani, nikaikuta imeungua ndani, haitengenezeki. Siku hiyohiyo Wakatoliki wakatangaziwa kwenye misa yao, na waendesha pikipiki wakaliteremsha neno mpaka Keumbu. Walikubaliana kengele ya chuo, rimu kuukuu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti, ndiyo itakayowaruhusu kuwasha simu tena.

Jumatatu niliamka na shaka. Kusema ndiyo kanisani ni rahisi. Lakini njiani kuelekea chuoni nilipita kituo cha pikipiki, na vijana wale ambao siku zote wameinamia simu walikuwa wanatazamana usoni na kubishana kuhusu mpira. Mwanamke wa duka la kutuma pesa alikuwa ameketi nje ya dirisha lake lililofungwa, anasuka kikapu. Wachumaji walikuwa kwenye chai, na hakuna muziki uliotoka mfukoni mwa mtu. Nilisikia maji ya mto kule chini bondeni. Siku zote zile sikujua kama kuna mto.

Niliwasha modemu, nikapima. Ukurasa ulifunguka mara moja. Nikapima tena, maana sikuamini.

Mtihani ukaanza. Kerubo alikaa karibu na ukuta, mgongo wima. Kurasa zikawa zinaingia moja baada ya nyingine. Kisha, karibu na mwisho, kile kiduara kwenye kioo chake kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Kerubo aliondoa mikono kwenye kompyuta akaiweka mapajani, akanitazama. Ombati alitoka mbio kutazama nje ni nani amewasha simu. Mimi nikaikimbilia modemu.

Modemu haikuwa na tatizo. Ilikuwa inapeleka mzigo mkubwa sana, na si wa mtihani. Nilifungua mkoba wangu. Simu yangu ilikuwa ya moto. Ilikuwa inajua nenosiri la chuo kwa sababu mimi ndiye niliyeliweka, na kimyakimya ilikuwa inawapelekea nyinyi hapa Likoni zile video zilizokwama tangu Ijumaa, milima yote ya Kisii, na ile radi.

Niliizima mpaka kidole kikauma. Kiduara kikasimama, ukurasa ukafunguka. Kerubo akarudisha mikono yake.

Alipomaliza, kioo kiliandika kwamba majibu yamepokelewa. Alilisoma neno lile kwa muda mrefu. Mama yake alikuwa mlangoni, na kapu lake la chai mgongoni.

"Imefika?" akauliza.

"Imefika, baba," Kerubo akasema. Baba, ndivyo Wakisii wanavyomwita mama. Mama yake akaketi chini palepale, na mimi machozi yakanitoka.

Ombati alimpa Kerubo chuma cha kugongea. Akaigonga ile rimu, akaigonga tena. Kwanza hakuna kitu. Kisha simu moja ikalia katikati ya chai, nyingine ng'ambo ya bonde, kisha zote, kilima hiki na kile, na watu wakaanza kupiga vigelegele kutoka bustanini bila hata kuonana.

Nilirudi nyumbani na mkungu wa ndizi mliokwisha kuula. Nimefunga mitandao tangu ujana wangu na nilidhani najua mtandao unatengenezwa kwa kitu gani. Video za milima zipo, sikuzituma tena, nitawaonyesha. Lakini mnachotaka kukiona, asubuhi ile yenyewe, hakipo humo. Hakuna mtu mlima mzima aliyepiga hata picha moja, kwa kuwa wote walikuwa wamezima simu.