Kitanda cha Nyuzi Sitini

Mdogo wangu ni injinia. Nalisema mapema kwa sababu yeye mwenyewe hulisema kabla ya salamu. Majirani humwita Nyuzi, kwa kuwa hapiti mbele ya mlango uliofunguliwa bila kukadiria umefunguka pembe ya nyuzi ngapi. Mimi ni dada yake, sina cheo. Nina bega tu.

Bega hilo ndilo lililokuwa kiti cha mama. Tangu apate kiharusi miaka mitatu iliyopita, mkono wake wa kulia ni mzima na kijiko anashika, ila mgongo haumbebi. Daktari alituonya: wakati wa kula mgongo uinuke nyuzi sitini kutoka usawa wa sakafu, la sivyo chakula kitaingia njia ya hewa. Basi mara tatu kwa siku nilipanda kitandani nikamwegemeza begani mwangu mpaka amalize. Mwezi ule kiwanda cha kushona sare kikaniita nirudi kwenye nafasi yangu ya zamani, nianze tarehe mosi. Mama akiweza kula bila bega, naenda. Asipoweza, anachukuliwa mwingine.

Injinia akajipiga kifua. "Dada, niachie mimi. Nakuundia kitanda. Unazungusha mkono wa chuma pembeni, mgongo unainuka wenyewe."

Wiki mbili alikaa kwenye meza yetu ya kulia na kompyuta yake. Kumbe kuna programu ya kujaribia mashine kabla haijaundwa: unachora vipande, unaviunga kwa bawaba, unaviamuru vizunguke, nayo inakupimia pembe na kukuchorea grafu. Kazi tamu kweli. Hainyanyui mgonjwa, haifui shuka. Siku moja napita na beseni, akaniita nione mstari mwekundu unavyopanda.

"Umeona? Nyuzi sitini na mbili! Laini, haukwami hata kidogo."

Nikamwambia mstari umependeza, lakini shuka zinanisubiri. Mtu mwingine angejilaza kidogo kwenye kitanda chenyewe kabla ya kukileta nyumbani. Injinia alikuwa na grafu, ajilaze ya nini?

Kitanda kilitoka karakana tarehe ishirini na tatu, kimepakwa rangi ya kijani. Tukamlaza mama. Nyuzi akazungusha ule mkono kwa madaha ya mgeni rasmi anayezindua daraja. Mgongo ukainuka. Miguu nayo ikainuka, makusudi, alieleza, ili mama asiteleze. Vikapanda pamoja mpaka chuma kikagoma. Mama alikuwa amekunjwa katikati kama kitabu kinachotaka kufungwa, na macho bado yako darini.

"Hizi ndizo sitini?" nikauliza.

"Sitini na mbili."

Kijiko cha kwanza cha supu kilimkohoza mama mpaka machozi yakamtoka. Niliruka kitandani nikamwinua begani, na sitayaandika hapa niliyomwambia injinia.

Alikimbilia kompyuta yake. Jioni akaja jikoni, sauti imepungua.

"Dada, kuna kitu kidogo."

"Kidogo kiasi gani? Si una kipimo."

"Ukitaka programu ikupimie kipande kinavyozunguka, lazima uiambie ianzie kupima wapi. Mimi nilichagua ubao wa miguu."

"Ambao nao unainuka."

"Ambao nao unainuka. Mgongo ulipanda thelathini na saba, miguu ishirini na tano. Programu ikasema vimezungukiana sitini na mbili. Haikukosea."

"Maskini. Tukaipe pole."

"Nilipaswa kuanzia kwenye fremu ya kitanda. Ndiyo isiyosogea." Akafuta macho kwa kiganja. Nilikuwa na maneno mengine makali tayari, nikayameza.

Asubuhi hakufungua kompyuta. Alipanda kitandani akamwegemeza mama begani mwake, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu. Kabla bakuli halijafika nusu, jasho lilikuwa linamtiririka.

"Kila siku hivi?" akauliza.

"Mara tatu," nikasema.

Akaenda karakana, akabadilisha chuma kinachoinua miguu, akapima kutoka kwenye fremu. Mafundi walinihadithia kwamba safari hii alijilaza kitandani mwenyewe mbele yao na kunywa maji glasi nzima, nao wakacheka mpaka wakaweka vifaa chini.

Kitanda kikarudi tarehe thelathini. Nyuzi sitini na nne, kutoka kwenye fremu. Mama alikula bakuli zima peke yake, bila kukohoa. Nilimsifu mdogo wangu waziwazi, maana alistahili. Kisha nikakaa kwenye kiti karibu na mlango, sijui mikono niiweke wapi.

Mama akaweka kijiko. Akageuza kichwa polepole upande wa kushoto, upande lilipokuwa bega langu, akakuta mto.

"Umeenda wapi?"

"Nipo, Mama. Nipo hapa kwenye kiti."

"Mbali," akasema.

Nikapanda kitandani. Injinia akaanza kueleza kwamba uzito wa watu wawili hakuujaribu kwenye programu. Nikamwambia atoke nje.

Tarehe mosi nilienda kazini. Nililia njia nzima mpaka langoni, nikalipapasa bega langu lisilouma.