Kibanio Kisicho na Nguo

Binti yangu wa mwisho, ambaye nyumbani tunamwita Kiherehere, anaandika programu. Miezi mitatu alikuwa kwenye majaribio katika ofisi inayowatumia wazazi ujumbe wa simu kutoka shule za bweni. Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho. Saa sita ujumbe wake ungewaendea wazazi mia nane, kisha meneja aamue kama atabaki au atarudi kufua nguo za watu pamoja nami.

Kazi yenyewe alishanieleza. Shule inaleta orodha ya vitu vya mwanafunzi, kila kimoja na mstari wake. Programu inaviunga viwe sentensi moja, katikati inatia mkato.

"Kama kamba ya nguo," nikasema. "Vitu ni nguo, mkato ni kibanio."

"Ungesoma, mama, ungetunyang'anya kazi."

Saa nne akanitumia ujumbe wa kujaribia. Nikavaa miwani: *Mwanafunzi aje na ndoo, fagio, shuka mbili, kufuli,* basi. Nikampigia.

"Baada ya kufuli kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Mbona kuna kibanio hakina nguo?"

"Karani wa shule kaacha mstari mtupu mwishoni. Nani ataona?"

"Mzazi ataona! Mimi ningezunguka maduka yote kutafuta hicho mlichokificha."

"Mama, niache nifanye kazi." Akakata.

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikapiga namba ya ofisi, nikabana pua. Akapokea meneja.

"Mimi ni mzazi!" nikafoka. "Ndoo, fagio, shuka, kufuli, halafu mkato! Mnataka nini tena, kitanda?"

Akaomba radhi vizuri tu. Kisha akaniuliza.

"Samahani, mama. Ujumbe huo haujatoka bado. Umeupata wapi?"

Nikaachia pua. Nimemponza mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Mimi ndiye mama wa huyo aliyeuandika," nikasema. "Kama ni kufukuza, nifukuze mimi."

Meneja akacheka mpaka akakohoa. Kwa mbali nikamsikia Kiherehere, "Jamani, huyo si mama?"

Kiherehere akaiagiza programu iruke mistari mitupu. Saa sita ujumbe ukatoka, ukakomea kwenye kufuli. Hakuna mzazi aliyepiga simu.

Alirudi na barua ya ajira, kanuna.

"Meneja anataka kila ujumbe uusome wewe kwanza. Ukiwa na swali, nipigie mimi. Mimi tu. Umesikia?"

Nikamwambia nitafikiria.