Mto wa Newala uliomo kitabuni

Jamani, leo nimeambiwa siijui Newala. Mimi, niliyezaliwa Mnyambe, huku huku Newala!

Kundi letu la wasomaji mtandaoni linasoma riwaya inayohusu Newala, ya mwandishi mmoja wa mjini. Sifa tele: "Nimefika Newala bila nauli!"

Kumbe wamependa mto. Mto mpana, unapita katikati ya kijiji, akina mama wanafua huku wanaimba.

Nikaandika: "Huku juu hakuna mto. Tunakinga maji ya mvua, yakiisha tunashuka bondeni na ndoo."

Dada mmoja wa Arusha akanijibu: "Wewe hujui kusoma fasihi. Mimi huo mto nimeuona kabisa."

Nimeuona! Hivi nyie mngejibu nini?

Nikamsomea mama ukurasa ule, nipate mtu wa kukasirika naye. Ndiyo kwanza ametoka bondeni kuchota maji, ngata ya kitenge bado iko kichwani.

Nilipomaliza, akasema:

"Nchi nzuri hiyo. Ni wapi?"

"Ni hapa hapa Newala, mama."

Hakucheka. Akavua ngata, akakaa chini.

"Hebu nisomee tena pale penye maji."

Haya, dada wa Arusha, umeshinda. Na mama ameuona.