Kifungo cha Tatu kwenye Blauzi ya Dada

Dada yangu anauza vifungo. Usicheke. Mimi nilicheka miaka ya mwanzo, kisha nikajikuta nakula kwa jasho lake. Anauza vya mfupa, vya mbao, vya chuma, vya matundu mawili na vya manne, na wateja wake ni mafundi wa nchi ambazo mimi nazisikia redioni tu. Wanampigia simu, anafunga mzigo, anaupeleka posta, basi. Hana bosi, hana mume, hana mtoto wa kumfunga miguu. Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani, na tulikuwa tunagawana chumba kimoja cha duka, cherehani yangu dirishani, makopo yake ukutani. Wazazi wetu walituachia duka hilo, tukabaki sisi wawili, hakuna mwingine.

Siku moja akarudi na ramani ya dunia, kubwa kama shuka. Akaibandika juu ya makopo yake.

"Ya nini tena hiyo?" nikamuuliza.

"Nachagua pa kuishi."

"Kwani hapa tumekufa?"

"Hapa nilizaliwa, mdogo wangu. Sikuchagua. Muuza mikate hawezi kuhama na tanuri lake, lakini mimi? Simu ninayo, posta ziko kila mahali. Dunia yote hii, nisitake kujua pengine pakoje?"

Akaniomba pini zangu zenye vichwa vya rangi. Nyeusi, mji usiofaa. Bluu, mji wa kufikiria. Nyekundu, mji wa kuishi. "Na nyekundu itakuwa moja tu," akasema. "Mtu haishi miji miwili."

Nikajitia hamnazo, nikaendelea kukanyaga cherehani yangu. Lakini nilikuwa naogopa, na sioni haya kusema. Akiondoka yeye, nani ataniuliza kama nimekula?

"Utajuaje mji unafaa?" nikamuuliza siku ya pili. Nilidhani atataja kodi, maji, umeme, kama watu wenye akili zao. Yeye akachukua mkasi wangu, akakata kifungo cha tatu cha blauzi yake, kile cha kifuani.

"Nitatembea hivi kutwa nzima, nione nani ataniambia."

"Makubwa! Uende nchi za watu kifua wazi?"

"Nina fulana ndani, bwana adabu. Sikiliza. Mahali ambapo mtu asiyekujua anakwambia kifungo kimetoka, hapo watu wanajali vifungo, kwa hiyo nitauza. Tena wanatazamana, kwa hiyo nitaishi."

Nikamwambia huo ni wazimu. Akapanga nguo kwenye sanduku, akaondoka.

Mji wa kwanza ulikuwa wa maghorofa. Alinipigia simu wakati wa chakula cha mchana. "Nimepanda lifti mara kumi na moja," akasema. "Kila mtu anatazama namba za mlangoni. Mlinzi mmoja kanikodolea macho, nikasema huyo sasa ataniambia! Kumbe anataka kitambulisho." Nikachoma pini nyeusi, na roho yangu ikatulia kidogo.

Mji wa pili ulikuwa wa baridi. Humo alilazimika kuvaa koti, akatoa kifungo cha koti badala ya cha blauzi. Walimwona, tena wengi, wakanong'ona wao kwa wao, wakacheka, wakapita. "Macho wanayo," akasema, "ila midomo ni ya kusengenyea." Akafikiri kidogo. "Weka bluu. Labda niliwakuta siku mbaya."

Loh, sijui nilianza lini kuisubiri simu yake. Saa saba ikikaribia nasimamisha mashine, nafungua spika. Mwalimu mmoja aliyeleta suruali kupunguzwa alirudi siku tatu mfululizo, na suruali ilikuwa tayari tangu siku ya kwanza. Alitaka kusikia tu.

Mji wa tatu ulikuwa mdogo, kwenye makutano ya reli. Simu ilipokuja, dada alikuwa anacheka hadi maneno yanakatika. "Sijafika hata nje ya stesheni! Mama mmoja anauza magazeti. Kanishika mkono, kaniambia, 'Mwanangu, hebu simama.' Katoa sindano kwenye leso, kanishonea palepale. Kifungo cha kijani, mdogo wangu! Kwenye blauzi nyeupe! Na kakishona vibaya, ungelia!"

Mwalimu akapiga makofi. Mimi nikachukua pini nyekundu, nikaishika muda mrefu kabla ya kuichoma.

Aliporudi alianza kufunga makopo kwenye maboksi. Kifungo cha kijani kilikuwa bado kifuani kwake, kimekaa upande, hakikuwa na adabu hata kidogo. Nilivumilia siku mbili. Ya tatu moto ukaniwaka.

"Umepima miji ya watu," nikamwambia, "mbona huu wetu hukuupima? Hapa kila mtu anakujua! Ungetoka na kifungo kimoja pungufu hapa, ungeambiwa kabla hujavuka barabara!"

Akaenda kwenye ramani, akaweka kidole kwenye mji wetu. Chini ya kidole palikuwa na pini nyeusi. Nilikuwa nimekaa mbele ya ramani hiyo miezi mitatu.

"Huu ndio niliopima kwanza," akasema. "Kabla sijanunua ramani. Siku saba nilitembea bila kifungo cha tatu, kisha nikakirudisha. Nilikwenda posta, nikaenda sokoni, nikaenda kwa jirani. Na kila asubuhi nilikaa hapa, hatua mbili kutoka kwako. Siku ya nne uliniambia nikushikie futi, ukapima urefu wa mkono wangu ili ukadirie shati la mteja."

Mimi, fundi! Mimi ninayejisifu kwamba mteja akiingia tu najua bega lipi limeshuka!

"Ulikuwa msimu wa sare za shule," nikasema. "Nilikuwa na mashati mia mbili!"

"Najua. Sikukasirika, haki ya Mungu. Nilitaka tu kujua."

Bora angekasirika. "Basi nipime tena," nikamwambia, na sauti ilinitoka kama ya mtoto.

"Haiwezekani. Mtu akijua anapimwa haoni, anatafuta."

Siku ya safari tulikwenda stendi asubuhi, mimi na sanduku kichwani, yeye mbele na mkoba. Alikuwa amevaa sketi ya kahawia niliyomshonea mwenyewe mwaka juzi. Alipokanyaga ngazi ya basi, nikaona upindo umening'inia kwa nyuma, kama shubiri moja.

"Dada, shuka."

"Basi linaondoka!"

"Shuka nimekwambia! Hutaingia mji wa watu na upindo unaburuta."

Nikatua sanduku, nikapiga magoti kwenye vumbi. Sindano huwa haitoki kwenye kola yangu, na uzi nimeuzungushia hapohapo. Mchukuzi mmoja akauliza kama nimehamishia duka stendi. Konda akapiga mlango wa basi kwa kiganja. "Mishono minne!" nikamfokea. "Ngoja mishono minne tu!"

Nilipokuwa natafuta pa kuanzia ndipo nikakiona kichwa cha uzi wa zamani. Uzi uliochakaa hukatika na kuacha ndevu. Huu ulikuwa umekatwa sawasawa, kwa mkasi, tena mkasi mkali. Mkasi wangu.

Nikainua uso. Dada alikuwa anatazama kwingine kabisa, na machozi yanamtiririka hadi kidevuni.

Nikashona, mishono midogo kuliko yote niliyowahi kushona, nikakata uzi kwa meno. Akapanda. Basi lilipoanza kurudi nyuma akatoa kichwa dirishani.

"Fundi! Ile pini nyeusi ya hapa, itoe! Weka nyekundu!"

"Si ulisema nyekundu ni moja tu?"

"Ziwe mbili!"

Nilirudi dukani mbio, nikabadilisha pini kabla sijafungua hata dirisha. Mwalimu alinikuta bado nimesimama mbele ya ramani. Akanitazama, akaniambia shati langu nimelivaa ndani nje.